Klachi ya Tatu ya Arlene

…hii au ile, swali ndilo hilo, Duane ameshaliuliza mara moja na hatalirudia upesi maana si mtu wa kuwaharakisha wateja, ameyafungua maboksi yote mawili juu ya kaunta, ameegemea viwiko vyake vinene, kalamu mkononi, anangoja, na Norbert Piontek, aliyeunda giaboksi kiwandani miaka thelathini na mmoja, ambaye nusu ya mji wa Flint humletea magari ayasikilize tu wala asiyaguse, anazitazama klachi mbili kana kwamba hajawahi kuona klachi, ya kushoto ni ya kawaida iliyoongezwa nguvu kidogo, sahani yake imevikwa kitambaa kigumu cheusi, inashika taratibu, pedali yake laini, ya kulia ni ya watu wa mashindano, haina kitambaa, ina vipande sita vya shaba vilivyopangwa kwa mduara, springi zake ngumu hata mwenye goti zima hujuta akikwama kwenye foleni, ikishika imeshika, gari linaruka mbele na shingo inabaki nyuma, basi hapo pana nini cha kufikiri, mtu yeyote mwenye Buick ya mwaka sabini yenye injini ile iliyozidi akili ya mwenye gari angeshajibu zamani akaenda zake kula, lakini Norbert ulimi umemganda, kwa sababu kwenye dirisha la duka, kati ya matangazo ya oili na karatasi ya kanisani ya pierogi, yale maandazi ya Kipolandi, za Ijumaa, anaiona pikapu yake imeegeshwa, na ndani yake, upande wa abiria, Arlene, kichwa kimeegemezwa kwenye kiti, mkanda laini shingoni, anatazama mbele tu, na Buick ni ya Arlene, haijawahi kuwa ya Norbert hata siku moja, babake Arlene ndiye aliyeinunua mpya ikitoka palepale kiwandani alipokuwa akifanya kazi, na alipokaribia kufa akawaruka wanawe watatu wa kiume akamwachia binti, kwa sababu, alisema mzee, ndiye pekee katika nyumba hii anayebadili gia bila kuitukana… na Norbert akaingia humo kama fundi wa gari na mume wa mwenye gari, na watu wakimwuliza cheo kipi ni kikubwa alikuwa akijibu kwamba cha kwanza, Arlene akimpiga kofi la begani, wote wanacheka… "Zile mbili zote zilikuwa za kitambaa, mzee Norb," Duane anasema, kwa sauti ya chini, sauti ambayo watu wote wameanza kumsemea tangu mwezi wa pili, "na zote zimekufa, moja kwa mwaka. Safari hii weka shaba, ulale usingizi."

Zimekufa, anasema, na hasemi kwa ubaya, Duane hana ubaya, tena ana haki, fundi yeyote angesema hivyo, klachi mbili za kitambaa zimeungua kwenye gari moja ndani ya miaka miwili, maana yake kitambaa hakiziwezi nguvu za injini ile, isipokuwa Norbert anajua kwamba kitambaa kiliziweza vizuri sana, kiliziweza miaka arobaini, sahani aliyoiweka mzee mwenyewe ilikwenda mpaka ikabaki nyembamba kama kaki ya komunyo na haikuwahi kunuka moshi, na kama zile mbili zilikuwa nzima basi kilichoziua ni kingine, na Norbert ndiye mtu pekee duniani aliyekiona kwa macho yake, alikiona, akacheka… usilifikirie hilo sasa, chagua klachi… lakini ukuta huo unakuja, ukuta wa gereji yake, upande wa benchi, kila fundi wa mitaa hii ana ukuta wa namna hiyo, sahani zilizoungua zinatundikwa kwenye misumari na kila moja kuandikwa kwa rangi nyeupe jina la aliyeiua na maili ilizoishi, yupo shemeji yake, yupo padri aliyevuta boti kutoka ziwani kwa gia ya pili huku anasali, wapo majirani wawili, Norbert mwenyewe hayupo, amejitahidi sana asiwepo, na Arlene yupo mara mbili, Arlene, maili elfu nne, Arlene, maili elfu mbili na mia moja, hiyo ya pili aliibeba hadi kwenye maonyesho ya magari ya Agosti, kule mjini, kwenye barabara ya matofali, akaiweka juu ya boneti ya Buick, iliyoletwa juu ya trela, akaifunga utepe mweusi, watu wakipita wanauliza, marehemu huyu nani, Norbert anaonyesha kidole, mwulizeni huyo mama, na Duane alikuwepo siku ile, ana soseji mkononi, alicheka mpaka nyama ikamdondokea kwenye shati, na Arlene alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja pembeni, mwaka ule alikaa sana, Norbert alidhani ni umri, alidhani ni joto, na Arlene naye akacheka, maana mtu afanye nini watu wote wakicheka… na harufu ile, hakuna anayeijua harufu ya klachi inayoungua kuliko Norbert, aliisikia wiki tatu kabla ya hapo, wamesimama kwenye mataa ya barabara ya Dort, Arlene kwenye usukani, wanarudi kutoka kwa dada yake Arlene mjini Saginaw, kuna keki ya plamu kwenye kiti cha nyuma, mataa yakawaka kijani, wakaondoka, injini ikapanda sauti na gari halikupanda mwendo, na harufu ikaja, Norbert akasema, Arlene, mguu, Arlene akasema nimeutoa, akasema mguu uko kwenye pedali, mke wangu, akasema nimekwambia nimeutoa, Norbert, na alikuwa hadanganyi, hilo ndilo linalomla Norbert sasa hivi akiwa amesimama kwenye kaunta hii na mikono miwili mitupu, alikuwa hadanganyi, alikuwa ameutoa, kichwani mwake alikuwa ameutoa, na Norbert akainama akachungulia chini ya usukani akakiona kiatu cha turubai, cheupe, kimelala juu ya pedali kimetulia, akacheka, akasema huyo hapo muuaji, na Arlene akatazama chini, akakitazama kile kiatu kwa muda, uso ule hajausahau, uso wa mtu aliyemkuta mgeni sebuleni kwake, halafu akashusha mkono wa kushoto akashika suruali kwenye goti, akaunyanyua mguu kwa mkono, akauweka pembeni… kwa mkono… na Norbert aliona, alikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kumbusu, aliona mwanamke anaubeba mguu wake mwenyewe kwa mkono, na akadhani anafanya kisirani.

Duane anapangusa vumbi lisilokuwepo kwenye kaunta, simu yake inalia nyuma, haipokei, anasema jambo kuhusu presha pleti, bamba linaloikandamiza sahani, kwamba zote mbili zinakuja na ya kwake, hakuna haja ya kuchanganya, na Norbert anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, hajasikia kitu, kimawazo yuko kwa daktari, mwezi ule wa pili, yule daktari mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, aliyewaeleza polepole kwamba zipo neva zinazoipa misuli amri, na kwamba za Arlene zinakufa, moja baada ya nyingine, na kwamba kwa kawaida huanza sehemu moja, mkono, au ulimi, au unyayo unaokataa kunyanyuka, akauliza, Bibi Piontek, udhaifu wa mguu wa kushoto ulianza lini, na Arlene akasema kama mwezi wa Novemba hivi, nilijikwaa kwenye zulia, na Norbert, kofia juu ya goti, akawa anahesabu kimyakimya kwa hesabu yake, hesabu ya klachi, siyo Novemba, klachi ya pili iliungua Julai, ya kwanza mwaka mmoja kabla yake, kwa hiyo siyo Novemba, daktari, ni miaka miwili, mguu wa mke wangu ulikuwa unasema kwa miaka miwili na mimi ndiye fundi, mimi ndiye mwenye sikio, wananiletea magari kutoka Lansing nisikilize beringi yenye kidonda kidogo kisichozidi punje ya mchele, na nikaisikia, nikalisikia gari… hayo hakuyasema, daktari akaandika Novemba, na hata leo kwenye faili lake imeandikwa Novemba… na baadaye akamfuata daktari kwenye korido akamwuliza, kama tungekuja mapema, na daktari akasema isingebadili mengi, bwana, usijitese, lakini daktari hajui habari ya ufunguo, laiti angekuwa anajua habari ya ufunguo asingesema usijitese, maana baada ya maonyesho yale, Septemba, asubuhi moja ya kawaida, Arlene aliutoa ufunguo wa Buick kwenye mkoba wake akautundika kwenye msumari wa jikoni, pamoja na funguo za Norbert, akasema likipata klachi endesha wewe, nimeisahau kazi, naliharibu gari la baba, akasema hivyo huku ameshika ukingo wa sinki, gari la baba, miaka arobaini na mitatu ameliendesha hilo gari, kwenye mvua, na watoto, na tumbo la miezi minane akiwa amesogeza kiti nyuma, na Norbert angeweza kusema chochote siku ile, angeweza kusema, huo ni upuuzi, kaa chini, kuna kitu hakiko sawa, na alichosema ni sawa, basi, na akala mayai yake, ndiyo, alikula mayai yake, alifurahi kidogo, hilo nalo liko humo ndani na hawezi kulitoa, alifurahi kidogo kwamba sasa ataendesha yeye, na Arlene akabaki na imani kwamba amekuwa dereva mbaya, akakaa nayo majira yote ya baridi, akajikwaa kwenye zulia, akajichekea mwenyewe kabla hajachekwa.

Na asubuhi ya leo… hapana… ndiyo, asubuhi ya leo, huko ndiko kwenyewe, mengine yote ni kuzunguka, wamesimama kwenye mataa yaleyale ya Dort, kwenye pikapu, Arlene hazungumzi sana siku hizi, maneno yanamchosha, kila neno analibeba mwenyewe, kwa hiyo akianza mtu unazima redio, na akaanza, akasema, bila kugeuka kwa kuwa shingo haigeuki, "Toa jina langu ukutani, Norb," na Norbert alisikia, hakukuwa na kelele, hakukuwa na lori linalopita, alisikia kila silabi, na alichofanya ni kusema mataa yamewaka, na kweli yalikuwa yamewaka, akakanyaga mafuta, akakanyaga kwa nguvu kama mtu anayekimbia kitu, na pikapu yenyewe ni otomatiki ya kizee, ikaruka, na kichwa cha Arlene kikaanguka mbele, kidevu kikagota kifuani, kikabaki huko, kwa sababu hakuna tena kinachokirudisha, na hakulia, alikohoa tu, Norbert akasimama kando ya barabara magurudumu juu ya majani, akakishika kile kichwa kwa mikono miwili, chepesi, nywele zake bado zina harufu ya sabuni aliyomwoshea mwenyewe, akakirudisha, akakaza mkanda, na Arlene akamtazama kwa jicho lake la kuchekesha, hilo halijafa, akasema, "Taratibu, bwana fundi," na hakurudia lile la kwanza, na Norbert hakumwomba arudie, wakaja hivyo hadi hapa, akamfungulia dirisha kidogo, akasema sichelewi… kwa hiyo anajua, Arlene anajua, amejua tangu lini, labda palepale kwa daktari, labda alikuwa anahesabu na yeye, hesabu ileile, akasema Novemba ili asimwaibishe mumewe mbele ya mtu wa kalamu, Mungu wangu, angeweza, ndivyo alivyo, alisema Novemba kwa ajili yangu… na hakuomba aombwe radhi wala hakusema anasamehe, ameomba jina lake tu, hataki kuondoka duniani akiwa ameandikwa ukutani kwamba aliua klachi mbili ambazo hakuziua, mtu ana haki hiyo, na ataliondoa, leo, kabla ya chakula, atalisugua kwa petroli lisibaki hata kivuli, na sahani hazitashuka, hapana, sahani zitabaki palepale, ataandika Norbert, maili elfu nne, Norbert, maili elfu mbili na mia moja, na wakiuliza atasema… naam, hapo ndipo penye mwiba, wakiuliza, kwa maana anayeuliza tayari yuko mbele yake, ana kalamu, akisema nipe ya shaba, Duane ataandika, atafunga boksi, watakubaliana wote wawili bila kusema kitu kwamba kitambaa kilikuwa dhaifu, au mama alikuwa dereva mbovu, na mambo yatakwisha hivyo kwa heshima, na akisema nipe ya kitambaa Duane atashangaa, atasema ya tatu tena, mzee, baada ya mbili kuungua, na itabidi ajibu, na mbele ya Duane, ambaye aliona utepe mweusi akacheka… na kuna jingine, alilokuwa nalo tangu alipoingia na ndilo lililomgandisha ulimi, kwamba ile ya pedali laini aliitaka kwa ajili ya mguu, jana usiku alilala akiiwaza, pedali laini kiasi kile, pengine, siku moja yenye jua, kwenye uwanja wa shule ulio mtupu, yeye amsaidie kwa mkono… na hiyo ni ndoto, Norbert, ule mguu haurudi, ile ya shaba ingekuwa kukubali, na kukubali hakuwezi, na ya kitambaa ingekuwa kumdanganya Arlene kwa klachi, na yeye hadanganyiki, ataiona stakabadhi, atajua, atasikitika kwa ajili yangu, na mimi sitaki tena asikitike kwa ajili yangu… lakini jana jioni alisema nini, alisema gari langu liko juu ya stendi za gereji tangu Aprili, lishushe, hakusema nataka kuendesha, alisema lishushe, na leo ni tarehe ishirini na nne Septemba, chumvi ya kuyeyusha barafu, ile inayokula mabati ya magari, inamwagwa barabarani theluji ya kwanza tu ikidondoka, katikati ya Novemba, na Buick haijawahi kukanyaga chumvi, sheria ya mzee, chumvi ikimwagwa inafunikwa shuka inalala mpaka Aprili, na Aprili… daktari alipoulizwa habari ya Aprili alifunga faili akaangalia dirishani… kwa hiyo ni wiki saba, na klachi mpya haipewi mbio, lazima izoeshwe kwanza, maili mia tano za taratibu, mjini, kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, Norbert hajawahi kuwa na subira hiyo maishani mwake, kazi ya kuzoesha klachi siku zote ilikuwa ya Arlene, alikuwa akienda nayo kwa dada yake kwa barabara ya zamani, anasimama kila mji, ananunua keki kila penye keki, anarudi na klachi iliyolainika na mumewe anasema safi, na sasa atakaa upande wa abiria, asikilize, ana sikio zuri kuliko langu, amekuwa nalo siku zote, nikikosea ataguna, na kwenye kila mataa, kutoka hapa mpaka Saginaw, mataa sijui mangapi, nitakapoachia pedali, hiyo klachi ndiyo itakayoamua kichwa chake kinabaki kitini au kinaanguka… ikawa kimya ndani ya Norbert, ghafla, kimya cha injini iliyokuwa na kelele miaka miwili ikazimwa, akaiangalia shaba, vile vipande sita vinavyong'ata, akakiona kidevu kikigota kifuani kwenye kila mataa, akaiangalia ile nyingine nyeusi inayoshika taratibu, na haikuwa tena ya mguu, mguu umekwenda, amekwishauaga sasa hivi amesimama hapa, ni ya shingo, ni klachi ya shingo ya Arlene, kwa maili mia tano, na baada ya hapo Mungu akitaka iungue, atainunua nyingine au hatainunua… na macho yamejaa na duka limekuwa na ukungu, maboksi mawili, kiwiko cha Duane, dirisha, pikapu, na nyuma ya kioo cha pikapu uso mmoja mweupe unaotazama mbele ukimngoja mumewe anayechelewa baada ya kusema hachelewi, na Duane, ambaye kwa miaka ishirini hajamharakisha mteja, anaigongesha kalamu yake mezani mara moja, kwa upole.

"Mzee Norb? Ipi?"

Na Norbert bado hajajibu, anavuta pumzi, maneno ameshayapata na anayapanga yasije yakaanguka njiani, ile nyeusi, Duane, na kabla hujaniuliza, zile mbili zilikuwa nzima.